Barua Iliyolala

Dukani walimwita Nukta. Wateja ndio waliombandika jina hilo, kwa sababu hakukubali barua ya mtu itoke mikononi mwake bila nukta mahali pake. Mtu angeingia na malalamiko yake dhidi ya mwenye nyumba, ameyaandika nyuma ya bahasha kwa pumzi moja, kuanzia salamu hadi matusi, na Nukta angemketisha kwenye stuli na kumuuliza, "Hapa ulitaka kupumua, au bado una hasira?" Mteja akifikiri kidogo huona kwamba kweli alitaka kupumua. Hapo Nukta hugonga nukta, na barua ikaanza kufanana na barua.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na mitano kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye kiti kimoja, kando ya dirisha la duka la kuchapa na kutoa nakala. Alikuwa amechapa barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, za uchumba na za talaka, wakati mwingine za mtu yule yule. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba: mbele kompyuta yake, katikati mashine kubwa ya fotokopi iliyotoa joto kama tanuri, na nyuma kabisa meza ya mwenye duka, kabati la chuma, na mashine ndogo ya kuchana karatasi iliyokaa juu ya ndoo.

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Mzee, alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na alihama mahakamani na taratibu zake zote. Funguo zake zilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Utaratibu wake mmoja ulijulikana mtaa mzima. Wateja wengi hawakuwa na baruapepe, kwa hiyo chini ya kila barua duka liliweka anwani yake lenyewe. Majibu yakija, wifi yake Nukta, mke wa kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyesimamia fotokopi na kompyuta ndogo ya baruapepe kando yake, aliyachapa asubuhi, akayakunja, akaandika jina kwa nje na kuyatia kwenye sanduku la ukutani. Alisoma jina tu. Kusoma zaidi ya jina kulimfukuzisha kazi mwanamke aliyekuwapo kabla yake. Kila Ijumaa baruapepe zote za dukani zilifutwa, ili siri za watu zisikae kwenye mashine.

Jibu lisilochukuliwa kwa mwezi mmoja liliitwa barua iliyolala. Mzee alilihamishia kabatini mwake na kulifungia. Kisha, kila baada ya miezi mitatu, siku ya mwisho ya mwezi, saa kumi kamili alasiri, alisimama na kuyasoma majina ya waliolala kwa sauti ya mahakamani, kila jina mara tatu. Asipoitika mtu, barua iliingia kwenye mashine ya kuchana. Kanuni zenyewe zilibandikwa ukutani, na aliyezichapa ni Nukta: barua hupewa mwenye jina, au mtu aliyetumwa kwa maandishi yenye sahihi au dole gumba la mwenye jina.

Wasichokijua wifi wala Mzee ni kwamba ndani ya kompyuta ile ya dirishani, katika faili aliloliita "Maelezo ya Wino" ili pasiwe na mtu wa kulitamani, Nukta alikuwa na riwaya. Aliiandika kwa miaka sita, katika saa ya chakula cha mchana, mkono mmoja ukishika tonge na mwingine ukichapa. Ilikuwa habari ya mkunga aliyezalisha mtaa mzima na kuzikwa na watu saba. Mkunga huyo alikuwa bibi yake, mzaa mama, na juu ya jalada Nukta aliweka jina la bibi badala ya lake. Wifi hakulijua jina hilo. Kwake yeye marehemu alikuwa Bibi tu, basi. Aliyeijua siri yote alikuwa mama yake Nukta, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, na ambaye alisomewa kila sura jioni, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto.

Riwaya ilipokwisha, Nukta aliitafutia wakala. Alishasikia kwamba kuna watu wa kazi hiyo: wanasoma maandishi ya mtu asiyejulikana, na wakiyapenda huyabeba wao wenyewe hadi kwa wachapishaji na kuyatetea. Wakala wa kwanza alimjibu kwa mistari mitatu ambayo ilionekana wazi kuwa imewahi kumjibu mtu mwingine. Wa pili alimsifu, kisha akasema si kwa sasa. Wa tatu alikuwa mwanamke mtu mzima, asiyesoma kwenye kioo cha kompyuta. Alitaka karatasi, sura tatu za mwanzo na barua, naye akajibu kwa baruapepe. Alichukua waandishi wapya wawili tu kila nusu mwaka. Katika maelekezo yake palikuwa na mstari ambao Nukta aliukariri kama namba ya kitambulisho: asiyepata neno kutoka kwangu ndani ya wiki kumi na mbili ajue sikuichagua kazi yake.

Wiki ya kumi na mbili ilikuwa inakwisha leo, na leo ilikuwa pia siku ya kusomwa majina ya waliolala.

Asubuhi, Nukta alipokuwa akifunga viatu, mama yake aliuliza kutoka kitandani, "Huyo wakala wako anasoma, au anaunganisha silabi?"

Nukta alicheka kwa heshima tu, maana moyo haukuwa huko. Alimwambia mama kwamba leo ndiyo mwisho. Ikifika jioni hajasikia neno, angelifuta lile faili kabla ya kufunga duka. Hakutaka kuzeeka akichungulia simu.

"Ukifuta, mwanangu, usiniambie. Niache nidhani bado lipo."

Nukta alitoka na maneno hayo kama mtu aliyetiwa jiwe mfukoni.

Dukani siku ilikwenda vibaya tangu mwanzo. Alichapa barua ya fundi bomba mara mbili kwa kukosea tarehe. Kila simu yake ilipotetemeka mezani, aliidaka. Mara ya kwanza ilikuwa kampuni ya simu ikimtakia siku njema, mara ya pili mtu aliyekosea namba, mara ya tatu haikutetemeka kabisa, ni fotokopi iliyokuwa ikitikisa meza. Wifi alimtazama toka upande wa pili akitia karatasi kwenye trei. Yeye alishajiamulia zamani kwamba hapa kuna mwanamume.

"Wifi, mwambie atume hata nukta peke yake," alisema. "Wewe utaielewa."

"Fanya kazi, wifi."

"Mimi nafanya kazi. Wewe ndiye unayeifanyia simu kazi."

Saa saba duka likapungua watu. Nukta hakula. Alifungua nakala ya barua aliyompelekea wakala, ambayo kwa wiki zote hizo alikuwa hajathubutu kuitazama, kwa hofu ya kukuta ameandika jambo la kijinga. Alitaka kujua, kabla ya kufuta, alikosea wapi. Alisoma salamu, hazikuwa na neno. Alisoma muhtasari wa riwaya, nao ulisimama vizuri. Akashuka hadi kwenye jina la bibi yake, akashuka tena mstari mmoja, na hapo akakoma.

Ilikuwa anwani ya duka. Haikuwa yake. Vidole vyake, ambavyo kwa miaka kumi na mitano vilimalizia kila barua kwa mstari ule ule, viliimalizia na hii bila kumshauri. Wiki kumi na mbili alikuwa akiifungua baruapepe yake kwenye simu asubuhi, mchana na jioni, na wakala hakuwahi hata kuijua.

Alikaa akihesabu. Kama jibu lilikuja, lilikuja hapa. Kama lilikuja hapa, Ijumaa yake lilishafutwa. Kilichobaki, kama kipo, ni karatasi iliyokunjwa. Alijikaza, akaenda hadi kwenye fotokopi kama mtu anayefuata stepla, akamuuliza wifi kama kuna barua ya mteja fulani. Akalitaja jina la bibi. Lilitoka kinywani kavu, maana hakuwa amelitamka mbele ya mtu asiyekuwa mama tangu mazishi.

"Huyo?" Wifi alipuliza vumbi kwenye kioo cha mashine. "Ipo, niliichapa zamani. Imeshalala, iko kwa Mzee. Mwambie aje leo, maana saa kumi inaliwa."

"Nani anaila?"

"Mashine. Wifi, leo umeamkaje?"

Barua ipo. Nukta alirudi kwenye kiti akiwa na furaha na hofu vimefungwa fundo moja. Mzee alikuwa ametoka kwenda kununua wino na funguo zake shingoni. Angerudi kabla ya saa kumi, hilo halikuwa na shaka, maana Mzee hakuwahi kuchelewa hukumu. Nukta angeweza kumwambia barua ni yake. Lakini kusema hivyo ni kusema yote: jina, riwaya, saa za chakula, faili la wino, na pengine mbele ya watu. Na kama ndani ya karatasi ile mlikuwa na "hapana", angeisoma hiyo hapana huku wote wakimtazama.

Njia nyingine ilikuwa mikononi mwake. Barua ya kumtuma mtu alishaichapa mara mia, hata usingizini angeichapa. Mimi niliyetajwa hapo chini namtuma mchapaji wa duka anichukulie barua yangu. Dakika mbili ikawa imetoka. Ilibaki sahihi. Bibi yake hakuwa amejua kuandika. Maisha yake yote aliweka dole gumba, na Nukta akiwa mtoto alimshikia kibweta cha wino. Alitazama upande wa wifi, akavuta kibweta cha mihuri, akabonyeza dole gumba lake kwenye wino wa zambarau na kuligandamiza chini ya jina la marehemu.

Alama ilikaa safi kabisa. Aliitazama akaona haya, kama mtu aliyekamatwa mkono wake ukiwa ndani ya mkoba wa mgeni. Alijifuta kwa karatasi, wino haukutoka. Akajifuta kwa mate, ukaenea.

Mzee alirudi saa kumi kasoro dakika tano. Walikuwapo wateja wawili, fundi bomba aliyerudia barua yake na mama mmoja aliyesubiri vyeti vifungwe plastiki. Nukta alisimama na barua yake ya kughushi mkononi, akapiga hatua mbili, kisha Mzee akaanza kufungua kabati na kumwambia, bila kugeuka, kwamba lolote alilonalo lingoje mahakama imalizike. Akachomeka waya wa mashine ya kuchana. Taa ya kijani ikawaka.

Akasoma jina la kwanza mara tatu. Hakuna aliyeitika. Mashine ikanguruma, na jibu la mtu asiyelijua likashuka ndoani likiwa tambi. La pili vivyo hivyo. La tatu ndilo la yule fundi bomba, ambaye alishtuka, akaipokea barua yake na kuuliza tangu lini ipo, akajibiwa kwamba tangu alipoacha kuiulizia.

Kisha Mzee akashika karatasi nyingine, akaisogeza mbali na macho, na akalisoma jina la bibi yake Nukta.

Jina lile, likiwa limesemwa kwa sauti kubwa ndani ya chumba kile, lilimfanya Nukta aone mikono ya bibi, ilivyokuwa mikubwa. Mzee alisoma mara ya pili. Nukta aliiangalia barua aliyoishika, alama ya zambarau chini yake, akajua kwamba hataweza kuitoa. Kumfanya bibi amtume mtu wakati amelala kaburini miaka ishirini, na kumwekea dole gumba lisilo lake, lilikuwa jambo ambalo hata sura mbaya kabisa ya riwaya yake isingelibeba. Mzee akafungua kinywa mara ya tatu, na mkono wake mwingine ukiisogeza karatasi kwenye mdomo wa mashine.

"Ni yangu, Mzee," alisema Nukta.

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Hilo si jina lako."

"Ni la bibi yangu. Ameshafariki. Nililitumia mimi."

"Kwa kazi gani?"

Wifi aliacha mashine ikitoa nakala peke yake. Mama wa vyeti akasogea. Nukta akasema kwamba ameandika kitabu.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimtisha zaidi. Mzee aliweka karatasi juu ya meza, si mashineni na si mkononi mwa Nukta, akataka ushahidi. Nukta alimletea nakala ya barua ile, yenye tarehe, jina na anwani ya duka. Mzee aliilinganisha na jina la nje taratibu, neno kwa neno, kana kwamba kuna mtu atakata rufaa. Kisha akakiangalia kidole cha Nukta chenye wino.

"Na hicho?"

Nukta aliifunua barua ya kughushi na kuiweka mbele yake. Alimwambia aliitengeneza mchana, lakini ameshindwa kuitoa. Mzee aliisoma hadi mwisho, akaitia yenyewe kwenye mashine, akangoja iishe kunguruma.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Usirudie." Akampa karatasi iliyokunjwa.

Nukta aliifungua akiwa amesimama pale pale. Ilikuwa fupi. Wakala alisema amezisoma sura tatu, akarudia ya pili. Alitaka kitabu kizima. Apelekewe kabla ya tarehe ishirini ya mwezi wa sita, maana siku hiyo anafunga orodha ya nusu mwaka. Chini palikuwa na namba ya simu ya ofisi.

Leo ilikuwa tarehe thelathini ya mwezi huo huo.

Alimpa wifi asome. Wifi alisoma, akasoma tena, kisha akashika kichwa. Aliichapa yeye mwenyewe, akasema, asubuhi moja akiwa na haraka, akaikunja, akaitia sandukuni, na kila siku tangu hapo amekuwa akipita nayo bega kwa bega huku akimtania mtu kuhusu mwanamume. Nukta alimwambia kosa si lake. Mzee hakusema kosa ni la nani. Alivuta simu ya duka kutoka kwenye droo, ile ambayo hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kuigusa, akaisukuma mezani.

"Saa kumi na dakika ishirini," alisema. "Ofisi hazijafungwa. Piga."

Simu iliita mara sita. Nukta alizihesabu. Alilitaja jina la bibi, na aliyepokea alimwambia asubiri, na katika kusubiri huko alisikia kiti kikivutwa mbali sana, na mtu akikohoa. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, isiyo na haraka.

"Nilidhani umekata tamaa. Wengi hukata tamaa wiki ya nane."

Nukta alitaka kueleza mambo ya vidole na anwani, maneno yakamjaa yote kwa pamoja, akaishia kusema kwamba barua ilikuwa imelala.

"Imelala wapi?"

"Kabatini. Nyuma ya kiti changu."

Upande wa pili ukatoka mlio ambao ungeweza kuwa kikohozi au kicheko. Wakala hakuzunguka. Orodha imefungwa, nafasi mbili zimekwenda, naye hamfungulii mtu yeyote, hata Nukta. Lakini kama bado anacho kitabu, akilete chote, kwa karatasi, kitasomwa katika zamu inayofuata. Ni wiki kumi na mbili nyingine, pengine zaidi. Haahidi kitu.

"Nitasubiri," alisema Nukta.

"Na uniandikie anwani inayofunguliwa."

Alipoweka simu chini, wifi alikuwa ameshafungua rimu mpya ya karatasi. Faili la "Maelezo ya Wino" lilikuwa na kurasa mia mbili tisini na nne, na mashine ilizitoa moja moja. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja ukakwama. Wifi alifungua mlango wa mashine, akauvuta kwa vidole viwili bila kuuchana, kama mtu anayetoa mwiba. Alipokuwa akizipanga kurasa hakuweza kujizuia.

"Mimi nimo humu?"

"Kuna wifi mmoja. Anachelewa kazini."

"Nitakushitaki kwa Mzee."

"Mzee naye yumo," alisema Nukta, na nyuma ya chumba funguo zikalia kidogo, lakini mwenyewe hakuinua kichwa. Alikuwa akitoboa kingo za kurasa na kupitisha waya, akihakikisha kila tundu limeshika.

Nukta alikaa kuandika barua ya kuisindikiza. Ilikuwa na mistari minne tu. Akaweka jina la bibi, na kabla hajajua, vidole vilikuwa vimeshamaliza: anwani ya duka, kamili, na nukta yake mwishoni. Wifi, aliyekuwa akisoma begani kwake kinyume cha kanuni zote, akamshika mkono. Nukta akaanza kufuta.

"Iache," alisema Mzee.

Alikuja na kitabu kilichofungwa, akakiweka kando ya kompyuta, akaisoma barua yote. Anwani hiyo inafunguliwa kila asubuhi, akasema, na safari hii wote watatu wanajua mwenye jina ni nani. Kisha akakata kipande cha kadi, akaandika juu yake jina la bibi kwa herufi za mahakama, akakibandika kwenye sanduku la ukutani. Lile sanduku halikuwahi kuwa na nafasi iliyotengewa mtu mmoja.

Kitabu kiliondoka na gari la vifurushi la jioni. Nyumbani mama alikuwa amekaa sebuleni, hajawasha taa, hajatia miguu kwenye maji. Hakuuliza. Nukta alivua viatu, akakaa karibu naye, akamwambia bado lipo. Alimweleza yote, hata dole gumba. Mama aliutafuta mkono wake, akakipapasa kidole kile chenye wino asiouona, akakishikilia muda mrefu.

Asubuhi ya pili yake Nukta alipofika dukani, wifi alikuwa amemtangulia kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta ya baruapepe, bado amejifunga mtandio wa njiani. Kifurushi kilikuwa hakijafika hata nusu ya safari.

"Bado," alisema wifi, kabla ya salamu.